Usiache Mbachao: Filamu, Pikseli na Kipimo cha Picha

Tangu kamera za kidijitali zilipoanza kuenea mwishoni mwa karne ya 20, ubishi juu ya ubora wake mbele ya filamu haujapata kukoma. Mmoja hutaja namba iliyoandikwa ubavuni mwa kamera yake na kudai kuwa kwa namba hiyo filamu imekwisha kuzikwa. Mwengine humjibu kwa kuleta picha ya harusi ya wazazi wake, iliyopigwa studio kabla ya yeye kuzaliwa, akaiweka mbele ya wenziwe bila ya kusema neno. Wote wawili wana hoja, lakini hawajibu suali moja. Wa kwanza anazungumzia kiasi cha mambo yaliyonaswa na picha siku ilipopigwa. Wa pili anazungumzia kiasi kilichobakia. Kadhia hii huharibika pale vipimo viwili hivi vinapochanganywa, na hasara yake haiishii barazani. Katika majumba na studio za mwambao huu, maboksi ya negativu yamekuwa yakitupwa kwa kuaminiwa kwamba zama zake zimepita. Kwa hivyo, hesabu ya pikseli si mchezo wa mafundi peke yao. Ni hesabu ya urithi.

Inafaa ianzwe na vitu vyenyewe. Filamu ni utando mwembamba wa jelatini uliotawanywa ndani yake punje za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa, punje hizo hupata alama isiyoonekana kwa jicho, na dawa ya kusafishia ndiyo inayoigeuza alama hiyo kuwa weusi. Punje hazina mpangilio. Zimelala ovyo kama mchanga wa pwani, nyengine kubwa, nyengine ndogo. Kamera ya kidijitali, kinyume chake, ina kibamba chenye vituo vidogo vya kuhisi mwanga vilivyopangwa kwa safu zilizonyooka kama vigae vya sakafuni. Kila kituo hutoa namba moja, na namba hizo ndizo zinazojenga pikseli, yaani vitone ambavyo vikikusanywa pamoja huwa picha. Tofauti hii ya mchanga na vigae ndiyo asili ya ubishi wote, maana vigae huhesabika na mchanga hauhesabiki.

Walioutaka mchanga nao uhesabiwe walitafuta njia. Watengenezaji wa filamu wana desturi ya kupima upambanuzi kwa mistari: jozi ngapi za mstari mweusi na mweupe zinaweza kusimama ndani ya milimita moja kabla hazijachanganyika zikawa kijivu. Filamu ya rangi ya Fujifilm iitwayo Velvia 50, iliyopendwa mno na wapiga picha wa mandhari, ilitangazwa na kampuni yake kuwa hupambanua jozi 160 kwa milimita pale tofauti ya weusi na weupe inapokuwa kubwa sana, na jozi 80 pale tofauti hiyo inapokuwa ndogo. Kila jozi huhitaji pikseli mbili kwa uchache. Fremu ya filamu ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kwa jozi 80, basi, fremu hiyo inalingana na pikseli 5,760 kwa 3,840, yaani takriban milioni 22. Kwa jozi 160, inalingana na pikseli zaidi ya milioni 88.

Msomaji ataona mara moja ulipo mtego. Filamu ni ile ile na fremu ni ile ile, lakini majibu ni mawili, na moja ni mara nne ya jengine. Anayeipenda filamu huchukua milioni 88 akatembea nazo. Anayeipenda kamera mpya huchukua milioni 22, au hata chini ya hapo, kwa kusema kuwa lenzi, mtikisiko wa mkono na kazi mbovu ya chumba cha giza hupunguza kilichoahidiwa na kiwanda. Kwa hakika, maisha hayapigwi picha kwa mistari myeusi na myeupe. Sura ya mtu ina mapito laini ya kivuli na mwanga, na hapo hesabu ndogo ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Kwa hivyo ile namba moja ya filamu, inayotafutwa kwa hamu kubwa, haipo. Kilichopo ni namba inayobadilika kwa kadiri ya kinachopigwa.

Ama upande wa pili, namba yake ipo lakini nayo haisemi yote. Vituo vya kuhisi mwanga havijui rangi. Bryce Bayer, mtaalamu wa kampuni ya Kodak aliyepata hataza yake mwaka 1976, alibuni njia ya kuvifunika kwa vichujio vya rangi: nusu yake kijani, robo nyekundu na robo buluu. Kamera nyingi hadi leo zinafuata njia hiyo. Maana yake ni kwamba kila kituo hupima rangi moja tu, na rangi mbili nyengine hukisiwa kutokana na majirani zake. Picha inayotangazwa kuwa na pikseli milioni 12 ina theluthi moja tu ya rangi zake iliyopimwa; theluthi mbili ni makisio. Ni makisio ya kitaalamu, na aghalabu hupatia. Hata hivyo, anayeinadi namba ya pikseli kama ushahidi usiotiliwa shaka hana budi kuyakumbuka.

Zaidi ya hayo, namba hiyo hukua kwa namna inayopumbaza. Ili picha ichapwe kwa upana maradufu bila ya kupoteza ukali, pikseli hazizidishwi mara mbili bali mara nne, kwa sababu picha ina upana na kimo. Anayetoka milioni 10 kwenda milioni 20 ameongeza upana kwa chini ya nusu. Na picha ndogo ya kawaida ya albamu, yenye inchi 4 kwa 6, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, yahitaji pikseli milioni mbili na kidogo tu. Ndiyo maana simu iliyotangazwa kwa pikseli milioni 200 mwaka 2023, kibamba chake kikiwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, haikuwafanya wapiga picha wa kazi watupe kamera zao. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hakuna kilichotembezwa madukani katika robo hii ya karne kama namba ya pikseli.

Pamoja na hayo, haki itendeke. Safari ya kamera ya kidijitali ilikuwa ya ajabu. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya majaribio iliyotoa picha ya pikseli 100 kwa 100, yaani elfu kumi tu, na iliyochukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye utepe wa kaseti. Mwaka 1999 kamera ya Nikon D1 iliwafikia waandishi wa habari ikiwa na pikseli milioni 2.7, na mwaka 2002 Canon ilitoa kamera ya pikseli milioni 11 yenye kibamba cha ukubwa wa fremu kamili ya milimita 35. Tangu mwaka 2019 zipo kamera za fremu kamili zenye pikseli zaidi ya milioni 60. Mbele ya hizo, filamu ya milimita 35 haina tena la kujitetea kwa upambanuzi. Wala haina la kujitetea usiku. Harusi ya taa chache, au kikundi cha taarabu jukwaani, kilichokuwa kikitoka chenye punje nene kama unga wa muhogo, leo hupigwa na kutoka safi. Anayekanusha haya anaitetea filamu kwa mapenzi.

Bali mchana wa pwani una hukumu yake. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe akasimama mbele ya ukuta wa chokaa saa sita za mchana ni mtihani ambao kamera nyingi za mwanzo za kidijitali ziliushindwa. Kituo cha kuhisi mwanga kikijaa, kimejaa. Kilichozidi hapo hupotea, na kanzu hubaki karatasi tupu isiyo na darizi wala kunjo. Negativu ya filamu haifanyi hivyo. Kadiri mwanga unavyozidi, ndivyo inavyozidi kuwa nzito polepole, ikikataa kujaa kwa ghafla, na mchapaji hodari huweza kuichoma karatasi yake mahali pale hata nyuzi za kofia zikatokeza. Kamera za leo zimepunguza sana upungufu huo, lakini kwa kumtaka mpiga picha apunguze mwanga mapema na kuvinyanyua vivuli baadaye kwenye kompyuta. Desturi ya fundi wa zamani ilikuwa kinyume chake: negativu ipewe mwanga wa kutosha, na weupe utajitunza wenyewe. Hizi ni adabu mbili za kazi, na kila moja huumba picha za tabia yake.

Mfano ulio bora kabisa wa kilichomo ndani ya filamu unatoka Bamako. Seydou Keïta alifungua studio yake katika mji huo mwaka 1948, akapiga picha za watu wa Mali hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipochukuliwa kuwa mpiga picha wa serikali. Alitumia kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18, akapenda mwanga wa mchana, na kwa ajili ya gharama alimpiga mteja mara moja tu. Picha zilizokwenda majumbani zilikuwa ndogo, nyingi zikichapwa kwa kugusanisha negativu na karatasi, ukubwa kwa ukubwa. Katika miaka ya 1990 negativu hizo zilipopelekwa Paris, zikaonyeshwa na Fondation Cartier mwaka 1994, zilikuzwa hadi kuzidi upana wa mlango. Watazamaji walistaajabu. Maua ya vitenge, nakshi za pazia la nyuma, kifungo, saa ya mkononi, kovu la shavuni: kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake.

Sababu yake si muujiza. Negativu ya sentimita 13 kwa 18 ina eneo mara 27 ya fremu ya milimita 35. Ikisomwa kwa mashine hata kwa kipimo cha wastani cha nukta 2,000 kwa inchi, hutoa pikseli takriban milioni 145. Keïta alikuwa ameweka akiba ambayo wateja wake hawakuwahi kuitumia. Na hapa ndipo mhakiki anapopaswa kusita. Zile picha kubwa za Paris zilichapwa kwa weusi mzito kuliko zile ndogo za Bamako, na zikatoka mikononi na kwenye albamu zikapanda ukutani. Je, kilichokuwemo kwenye negativu ndicho picha, au picha ni ile aliyoichukua mteja akaipeleka kwa mamake? Jibu la haki ni kwamba zote mbili ni picha, lakini ni kazi mbili. Upambanuzi ulifungua mlango. Haukusema nani aingie. Anayepima ubora wa Keïta kwa ukali wa vitenge peke yake ameupima ustadi wa lenzi, akauacha ule wa mtu aliyejua kumkalisha mwanamke kiambavu juu ya kitanda hata akawa malkia.

Hapana budi pia ikumbukwe kwamba filamu haikuwa shahidi asiye na upendeleo. Kwa miongo mingi maabara za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Rangi iliyompendeza Shirley ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi, na ngozi nyeusi ikatoka giza lililobaki na macho na meno. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, katika makala aliyoichapisha mwaka 2009, alieleza kuwa msukumo mkubwa wa kuirekebisha filamu hiyo ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautiani pichani. Sura za watu wa bara zima hazikutosha kuwa hoja. Meza na peremende zilitosha. Kwa hivyo anayeililia filamu ya rangi ya zamani kama kwamba ilikuwa rafiki wa kila mtu, na ayatazame upya mapicha ya shule ya miaka ya 1970. Mafundi wa studio za Afrika Mashariki waliopata sura nzuri walizipata kwa taa na kwa subira, wakiipinda filamu iende isikokusudiwa.

Hoja nyengine isiyosimama ni ile inayosema kuwa filamu ni kweli na dijitali ni uongo. Huko Lamu, miongo kadhaa kabla ya kompyuta kuingia studio, Omar Said Bakor alikuwa akikata picha kwa mkasi, akiziunga na kuzipiga upya, hata watu wakaonekana mahali ambapo hawakupata kukaa. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, nao waliwasimamisha abiria mbele ya meli na ndege zilizochorwa kwa rangi. Wateja hawakudanganywa, walilipa wakijua. Uzushi wa picha ni wa zamani kuliko pikseli, na ukweli wa picha hutegemea ahadi baina ya aliyepiga, aliyepigwa na atakayetazama. Ahadi hiyo haihifadhiwi na punje za fedha.

Basi filamu imebakiwa na nini? Imebakiwa na jambo moja, nalo ni zito: negativu ni kitu. Huweza kushikwa, kuinuliwa mbele ya dirisha na kusomwa kwa jicho bila ya mashine wala umeme. Unguja inaijua thamani ya jambo hili. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe, Rohit, ilikusanya katika duka moja la Mji Mkongwe sura za watu, majumba, sherehe na bandari ambazo hazikuandikwa popote pengine. Aliyeingia kununua picha ya ukumbusho alikuwa, kwa hakika, ameingia maktaba.

Kitu, hata hivyo, huoza. Hewa ya mwambao ina unyevu na chumvi, na kuvu hupenda jelatini kama mchwa apendavyo karatasi. Negativu za miongo ya katikati ya karne iliyopita, zilizotengenezwa kwa plastiki ya asetati, huanza kunuka siki, kisha hujikunja na kupasuka. Picha za rangi za miaka ya 1970 hugeuka wekundu wa kutu hata zikiwa zimefungiwa kabatini. Nyeusi na nyeupe iliyosafishwa na kuoshwa vizuri ndiyo inayodumu kushinda zote. Upande wa kidijitali nao una maradhi yake: sidii zilizobanduka, diski zilizokwama, simu zilizoanguka baharini. Na tofauti ya maradhi hayo ni kubwa. Negativu hufa polepole, ikimwonya mwenyewe kwa harufu na madoa. Faili hufa kwa mara moja. Kwa upande mwengine, faili huweza kunakiliwa mara elfu bila ya kupungua, na hilo negativu haliwezi.

Kizazi kilichooa na kuolewa baina ya filamu kuachwa na simu kukomaa kilipata hasara pande zote mbili. Simu nyingi za katikati ya miaka ya 2000 zilipiga picha za pikseli 640 kwa 480. Ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, picha hiyo haizidi upana wa sentimita tano na nusu. Ndugu aliyekufa ambaye sura yake ya mwisho imo katika faili kama hilo hatakuzwa tena. Hakuna akiba ya kuchota. Babu yake, aliyepigwa kwa negativu ya sentimita sita katika studio isiyo na kiyoyozi, angali anaweza kukuzwa hadi kuenea ukuta.

Hapa ndipo penye kosa linalotendeka sasa, na linalotendwa kwa nia njema. Mtu huchukua negativu za familia au za studio, akazipitisha kwenye mashine ya kunakili kwa kipimo kidogo ili kazi ishe haraka, akazitia kwenye diski, kisha akazitupa zile za asili kwa kuwa zimekwisha kuhifadhiwa. Negativu ya mraba ya sentimita sita, ambayo picha yake huwa takriban milimita 56 kila upande, ikisomwa kwa nukta 2,400 kwa inchi hutoa pikseli milioni 28. Ikisomwa kwa nukta 300, hutoa chini ya nusu milioni. Aliyefanya la pili akaitupa negativu amezitupa sehemu 63 katika kila 64, akadhani ameokoa zote. Msemo wa usiache mbachao kwa msala upitao haukuwahi kupata mfano ulio wazi kuliko huu. Msala una kazi yake, na hakuna anayeukataa. Lakini mbacha ndio ulio wa mwenye nyumba.

Filamu yenyewe haijafa kama ilivyotabiriwa. Kodachrome, iliyozaliwa mwaka 1935, iliachwa kutengenezwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho kuisafisha ilisita mwisho wa mwaka 2010. Kodak iliomba hifadhi ya kisheria dhidi ya wadai wake mwezi Januari 2012. Lakini mwaka 2018 kampuni hiyo iliirudisha Ektachrome iliyokuwa imeiacha, kwa kuwa vijana waliozaliwa na pikseli waliitaka. Hawaitaki kwa ukali wake, maana ukali wanao mfukoni. Wanaitaka kwa kuwa ina fremu 36 tu na humlazimisha mtu afikiri kabla ya kubonyeza.

Kwa hivyo ubishi wa namba umekwisha kwa mshindi kujulikana, na ushindi wake haukuamua jambo kubwa. Kwa kupambanua, kamera ya leo imeishinda filamu ndogo. Kwa kutunza, hakuna kilichoshinda. Kuna waliotunza na wasiotunza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la picha ni jepesi kuliko mashine yoyote: negativu zibakizwe mahali pakavu hata baada ya kunakiliwa, zinakiliwe kwa kipimo kikubwa, nakala zikae zaidi ya nyumba moja, na nyuma ya kila picha liandikwe jina la mtu na mwaka. Picha yenye pikseli milioni 100 ya mtu asiyejulikana tena ni nani, imepambanua kila unywele wake na kumpoteza yeye mwenyewe.